Mei ya Tatu

Lucius Pettiford alizima gari mbele ya nyumba ya akina Whitlow, akabaki amekaa. Mwanaume wa miaka arobaini na mbili, mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango, aliyewahi kuzomewa na watu elfu kumi na tano ndani ya ukumbi mmoja asitikisike, leo alikuwa anaogopa meza ya chakula cha Jumapili.

Na angekosaje kuogopa? Zilikuwa zimebaki wiki nne tu afunge ndoa na Verlene, binti pekee wa nyumba ile, naye alikuwa amekuja kuomba ndoa isogezwe mbele. Ingekuwa mara ya kwanza, watu wangeelewa. Mara ya pili, wangenung'unika. Hii ilikuwa ya tatu!

Mtu aliyewahi kuishi na makocha wa mpira wa kikapu wa vyuo anaijua kalenda yao. Ligi huanza Novemba na kumalizika Machi. Aprili ni kuzunguka majimbo kutafuta vijana wa kusajili. Juni ni kambi, Julai ni barabarani tena. Ukitaka kocha akuoe, atakuoa Mei, hakuna mwezi mwingine, na ndiyo maana mke wa kocha huwezi kumdanganya tarehe ya harusi yake. Mei yao ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, kocha mkuu ambaye Lucius alikuwa msaidizi wake alifukuzwa kazi, na kocha mkuu akifukuzwa wasaidizi wake hufungasha naye. Lucius akakimbilia Nebraska kwa kocha mwingine aitwaye Brannigan. Verlene, masikini, akaacha kazi yake ya kufundisha muziki shule ya msingi hapa Corley akamfuata. Miezi kumi baadaye Brannigan akapata chuo kikubwa zaidi Kentucky, Lucius akaondoka naye na mabegi mawili, na Verlene akabaki anamalizia muhula peke yake katika mji ambao hakumjua hata muuza mkate. Alipomaliza alirudi kwao Indiana, akarudishwa kazini pale pale shuleni. Mei iliyofuata ikaharibika kwa sababu ya mchezaji mmoja tu aliyekuwa anasitasita kusaini.

Sasa Brannigan alikuwa anakwenda Texas. Alimpigia Lucius simu Ijumaa asubuhi akamwambia awe kule Jumatano. Lucius alikubali kabla chai yake haijapoa. Huyo ndiye nyoka aliyekuwa mfukoni mwake aliposhuka garini.

Bi. Ozella alimfungulia mlango. Alikuwa bado na kofia yake ya kanisani, ile ya zambarau, na aproni juu ya gauni.

"Ahaa! Mgeni wetu," alisema. "Karibu. Tulidhani umepotea njia, maana hata ibadani hatukukuona."

"Shikamoo, Mama. Nimetoka Kentucky alfajiri, barabara ilikuwa na matengenezo."

"Marahaba. Barabara ya kuja huku kila siku ina matengenezo. Ya kuondoka haina."

Lucius akacheka, kicheko chake kile kizuri kilichomfanya apendwe na kila mama kutoka Chicago hadi Memphis. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akavuta pumzi.

"Mama, hiyo harufu ni ya kambale wa kukaanga au pua yangu inanitania? Tangu alipokufa bibi yangu sijakula kambale wa maana." Kisha akasimama mbele ya picha ya zamani ukutani. "Na huyu kwenye picha, mwenye sare ya jeshi, ni babu yake Verlene? Macho ni yale yale!"

"Ni mjomba wangu," Bi. Ozella alijibu, lakini uso ulimlegea kidogo. "Kaa basi, chakula kinaiva."

Lucius aligeuka, akamkuta Verlene amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la mboga mikononi. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Alivaa gauni la manjano, nywele amezibana nyuma, na Lucius aliona moyo wake ukimpanda kooni kama kawaida. Miaka minane, na bado! Alimtazama akitegemea lile tabasamu lake la upande mmoja. Verlene hakutabasamu. Alikuwa anamtazama kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipomwona mtu fulani.

"Vee," Lucius alisema.

"Hujambo, Lucius. Njoo tule."

Baba wa nyumba, Mzee Hosea, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha mwisho wa meza. Mzee huyu alitengeneza taa za magari kiwandani miaka thelathini na nne, na mambo mawili tu ndiyo yaliyokuwa yanamtoa machozi hadharani, nyimbo za zamani za kanisa na timu ya shule ya sekondari ya Corley. Waliposhikana mikono kwa ajili ya sala aliomba kwa ufupi, halafu hata amina haijapoa akasema:

"Kocha, vipi? Umewajibu wale watu wa shule?"

Hili nalo lilikuwa deni la heshima. Shule ya Corley ilikuwa inatafuta kocha mkuu. Si kocha msaidizi, kocha mkuu! Ukumbi wa shule ile unachukua watu elfu sita, na Ijumaa za majira ya baridi mji mzima unahamia humo, hata maduka yanafungwa. Mzee Hosea alikuwa amezungumza na huyu, akamwona yule, akabisha hodi nyumba kwa nyumba, mpaka nafasi ile ikawekwa mezani kwa mkwe wake mtarajiwa. Walitaka jibu kesho Jumatatu.

"Bado nalifikiria, Baba," Lucius alisema. "Ni jambo kubwa. Nawashukuru sana."

"Kufikiria ni vizuri," mzee alisema akijimegea mkate wa mahindi. "Ila umekuwa msaidizi miaka kumi na saba. Vyuo sita. Mtu anasaidia, anasaidia, mpaka lini? Hapa ungekuwa na filimbi yako mwenyewe."

"Mwache ale, Hosea."

"Si anakula? Mimi naongea, yeye anakula."

Walikula. Verlene alimwekea Lucius kambale wawili na mboga, akamsogezea mchuzi wa pilipili bila kumuuliza, maana alijua. Mkono wake ulipopita karibu Lucius aliona pete aliyomvisha, bado iko palepale, na akahisi aibu imemjaa mpaka masikioni. Semeni wenyewe, mtu anaanzaje kutoa habari kama hiyo wakati anasogezewa pilipili?

Akaanza hivyo hivyo.

"Mama. Baba." Akaweka uma chini, akaegemeza viwiko magotini, akainama mbele kidogo ili urefu wake usiwatishe. "Nina jambo. Kuna uvumi kuhusu Brannigan kwenda Texas. Sijui nini kitatokea, mambo bado hayajakaa sawa. Lakini yakitokea, nitabanwa sana mwezi wa Mei. Nilikuwa naomba... nilitaka tuzungumze kama familia, tuone kama harusi inaweza kusogea hadi Agosti."

Bi. Ozella alivua kofia yake taratibu, akaiweka juu ya kiti cha pembeni, kama mwanamke anayejiandaa kufanya kazi nzito.

"Agosti," alisema.

"Agosti tu, Mama. Wiki ya kwanza."

"Hivi wewe kijana, nikuulize. Unamwoa nani? Unamwoa binti yangu au unamwoa Brannigan?"

"Mama!" Verlene alisema.

"Niache niulize, mimi ndiye niliyemzaa! Keki nimeahirisha mara mbili. Mchungaji mara mbili. Dada yangu wa Detroit amenunua tiketi za basi mara mbili, safari hii ameniambia, 'Ozella, nitakuja nikiona picha.' Watu kanisani wananiuliza, nawaambia ni kazi yake. Kazi gani isiyompa mtu hata Jumamosi moja?"

"Una haki ya kukasirika," Lucius alisema. Sauti yake ilishuka, ikawa laini na yenye joto. "Ningekuwa mzazi, ningekasirika zaidi. Mama, nitazame. Nitasema ukweli wangu wote. Sikuja kwenye nyumba hii kukuahidi makubwa. Makubwa mtaahidiwa na wengine. Mimi nakuahidi jambo moja tu. Binti yako..."

"...akiwa mikononi mwangu," Verlene alidakia kutoka upande wa pili wa meza, "nitamtunza kama damu yangu, na siku akilia saa nane usiku, mimi ndiye nitakayekuwa mlangoni kwake."

Lucius aligeuka kumtazama, mdomo wazi.

"Sio hivyo inavyomalizika?" Verlene aliuliza. "Au umebadilisha siku hizi?"

"Vee, mimi..."

"Mei iliyopita," Verlene alisema, akiwageukia wazazi wake, "Jumamosi ambayo ningevaa shela, nilikuwa Memphis. Sikuwaambia. Alikuja kuniomba twende wote, eti angalau tuwe pamoja siku ile. Nikakubali, mjinga mimi. Nikakaa kwenye varanda ya watu, dirisha liko wazi, yeye yuko ndani na mama wa yule mchezaji mrefu. Nilimsikia akisifia chakula. Akauliza picha ya ukutani ni ya nani. Halafu akasema maneno hayo, neno kwa neno, isipokuwa alisema mwanao. Yule mama alilia. Na mimi nilikuwa nalia varandani, nikijiambia, ona mume nitakayempata, ona alivyo na moyo." Akamgeukia Lucius. "Kijana yule alisaini. Sasa wewe unakwenda Texas. Nani atakuwa mlangoni kwake?"

"Hakuna aliyesema nakwenda Texas."

Ilimtoka haraka kuliko alivyokusudia. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Lucius ilikuwa na urefu wa meza ile tu. Mzee Hosea alikuwa amevaa miwani na kuchukua simu yake, kwa sababu mzee huyu hawezi kusikia habari ya mpira bila kuitafuta. Alikunja uso. Akaisogeza simu mbali, kisha karibu.

"Kocha," alisema polepole, "huyu si wewe?"

Hakuna aliyeinuka. Mzee akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari, kwa sauti ileile aliyosomea Zaburi asubuhi ile. Chuo kile cha Texas kilikuwa na furaha kumtangaza kocha mkuu mpya pamoja na wasaidizi wake watatu. Jina la pili katika orodha lilikuwa Lucius Pettiford. Na chini yake maneno yake mwenyewe: ni heshima kubwa, nimelisubiri jambo hili maisha yangu yote.

"Maisha yake yote," Bi. Ozella alirudia.

Lucius alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amewasihi watu wa Texas wasitangaze mpaka Jumatatu jioni, wakasema sawa, hakuna shida. Maneno yale hata hakuyasema yeye, aliandikiwa na mtu wa ofisini. Lakini hayo ungemwambia nani pale mezani?

"Lini ulikubali?" Verlene aliuliza.

"Vee, nilitaka kwanza..."

"Lini, Lucius?"

"Ijumaa. Asubuhi."

Verlene aliitikia kwa kichwa. Hakupiga kelele, na Lucius angetoa chochote apigiwe kelele. Alikunja kitambaa chake cha meza mara mbili, akakiweka pembeni ya sahani.

"Mimi pia Ijumaa nilifanya jambo," alisema. "Baba, Mama, mnisamehe, nilitaka kuwaambia leo baada ya chakula. Nimeandika barua ya kuacha kazi shuleni."

"Umeandika nini?" Mzee Hosea alishusha miwani.

"Habari za Brannigan nilizisikia Alhamisi kwenye redio. Nikajua Lucius atakwenda. Nilijua kabla yeye mwenyewe hajajua, Baba, hiyo kazi uliyomtafutia hawezi kuichukua, angekufa kwa huzuni akiwaona wenzake kwenye televisheni. Nikalala nikiwaza. Nikajiuliza, unampenda au humpendi? Nikaona nampenda. Nikasema basi, safari hii sitangoja kuombwa. Akija akiniambia Texas, nitamwambia twende. Mei tuoane au tusioane, hata kwa hakimu, hata bila keki." Akamtazama Lucius. "Nilikuwa naisubiri sentensi moja tu. 'Vee, nimekubali, twende.' Basi. Umeingia ukavua viatu, ukauliza picha ya mjomba wa Mama. Mjomba uliyekwishaoneshwa picha yake mara tatu, Lucius! Nikajua pale pale. Nikasema, Mungu wangu, ameniletea ile ziara ya Memphis."

"Niliogopa," Lucius alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni na hakuyafuta. "Niliogopa kukupoteza."

"Najua. Ungeniambia hilo ningekushika mkono."

Akavua pete. Haikutoka mara moja, ilibidi aizungushe kwenye kifundo, na wote wanne wakawa wanakitazama kidole kile. Ilipotoka aliiweka mbele ya sahani ya Lucius, akaondoka kwenda jikoni. Bi. Ozella akainuka kumfuata. Alipopita nyuma ya kiti cha Lucius alimwekea mkono begani, kidogo tu, na huruma ile ikamuuma kuliko matusi.

"Nenda, mwanangu," Mzee Hosea alisema. "Watu wa shule nitawajibu mimi."

Lucius alikuwa ameshafika kwenye gari mlango wa nyumba ulipofunguka tena. Verlene alikuja akiwa na sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini.

"Mama anasema hakuna mtu anayetoka nyumba hii na njaa."

Alipokea kwa mikono miwili. Walisimama jua la Aprili likiwapiga usoni, jirani wa ng'ambo anakata nyasi, watoto wanapita na baiskeli, na Lucius akaona kwamba hii ndiyo nafasi yake ya mwisho duniani.

"Nikiwaambia siendi?" alisema.

"Lucius."

"Kweli. Nikimpigia Brannigan sasa hivi nikamwambia basi, tafuta mwingine. Mimi naishi Corley. Nafundisha watoto wa baba yako, naimba kwaya yako, na sauti yangu unaijua ilivyo mbovu."

Hapo Verlene karibu acheke. Lile tabasamu la upande mmoja likaanza, likasita. Alimtazama muda mrefu, kwa macho yaliyochoka na yaliyompenda bado, yote mawili kwa pamoja, na Lucius aliyaona yote mawili.

"Usiniambie mimi," alisema taratibu. "Mpigie. Nimesimama hapa."

"Ukinisikia nikimwambia, utairudisha pete?"

"Mpigie, Lucius. Piga tu."

Akaweka sahani juu ya boneti. Akatoa simu. Moyo ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na alijua kabisa atakachosema, maneno matatu tu. Alikuwa hajaligusa jina la Brannigan wakati simu ilipoita yenyewe. Ilikuwa ni Brannigan.

Verlene aliliona jina. Akakunja mikono kifuani, akangoja.

Lucius akapokea.

"Pettiford!" Sauti ilisikika mpaka nje, sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele kwenye kumbi. "Jumatano haifai tena. Kuna mtoto Houston, futi saba kasoro, chuo alichokuwa amekiahidi amekikataa saa moja iliyopita. Mama yake anatupokea kesho saa nne. Nakuhitaji wewe, hakuna mwingine anayeweza kuongea na akina mama. Unaweza kupata ndege leo?"

"Naam, Kocha," Lucius alisema.

Hakukusudia. Mungu anajua hakukusudia. Ilimtoka kama mtu anavyopiga chafya.

"Safi. Nani mwenye uamuzi nyumbani kwao, mama au baba?"

"Mama au... sijui, Kocha, nitaulizia." Aligeuka kidogo, akaziba sikio la pili kwa sababu ya mashine ya nyasi. "Ana bibi? Wakati mwingine bibi ndiye mwenye neno. Nitumie namba ya kocha wake wa sekondari, nianze na huyo. Ndiyo. Ndiyo, Kocha. Kutoka Indianapolis ipo ndege ya saa kumi na moja, nikiondoka sasa nitaiwahi."

Ilichukua dakika mbili, pengine tatu. Alipokata simu alikuwa anatazama saa. Kisha akakumbuka alikokuwa, akageuka na jina la Verlene mdomoni.

Varanda ilikuwa tupu, na mlango umefungwa.